Tiketi ya Basi Kama Matini: Tusome na Upande wa Nyuma

Kwa muda mrefu wahakiki wa Kiswahili wameyasoma maandishi ya vyombo vya usafiri kwa jicho moja. Misemo iliyochorwa nyuma ya matatu, daladala na malori imekusanywa, ikaainishwa na kuandikiwa tasnifu, kama ilivyofanyiwa misemo ya kanga. Hatuna ugomvi na kazi hiyo. Hata hivyo, msemo wa nyuma ya gari husomwa na aliye nje. Abiria aliyelipa nauli yuko ndani, na mkononi ameshika maandishi mengine ambayo ni nadra mtu kumwuliza habari zake. Maandishi hayo ni tiketi. Katika makala haya tunadai kwamba tiketi kuukuu ya basi ni matini kamili inayostahili kuhakikiwa, na kwamba anayeikusanya asiishie upande wa mbele.

Mifano yetu mingi imetoka katika bahasha moja ya kaki. Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Karusandara wilayani Kasese, aliileta idarani ikiwa imejaa tiketi zilizotunzwa na mama yake, mfanyabiashara wa mahindi na samaki wakavu. Mama huyo si mkusanyaji kwa maana ya watu wa albamu. Alizitunza kwa sababu tiketi ina upande mmoja mtupu, na karatasi tupu haitupwi. Kwetu sisi, hilo ndilo lililoipa bahasha thamani.

Kwa asiyepajua, Karusandara iko kwenye tambarare chini ya milima ya Rwenzori, kando ya barabara kuu iendayo Fort Portal. Wasongora wanachunga ng'ombe, Wakonzo wanalima, na Watooro na Wanyabindi ni majirani wa siku zote. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, ikifuata shaba ya Kilembe. Uchimbaji wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 treni ya abiria nayo ikakoma. Tangu hapo anayetaka kwenda mbali hutegemea barabara: ama Kampala, ama upande wa pili, Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako ng'ambo yake ni Kasindi, Kongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wanasikilizana kwa lugha zao. Wengine wote sokoni, wanapokwama, hukimbilia Kiswahili.

Tuanze na upande wa mbele. Umechapwa kwa Kiingereza: jina la abiria, atokako, aendako, namba ya kiti, kiasi kilicholipwa, kisha chini kwa herufi ndogo onyo kwamba mizigo ni juu ya mwenyewe na kwamba nauli ikishalipwa imelipwa. Mkatishaji tiketi hujaza nafasi hizo kwa kalamu, mara nyingi karatasi ya kaboni ikiwa chini, ndiyo maana nakala ya abiria ina wino ule wa bluu uliofifia. Jina la Karusandara halijachapwa popote. Kilichochapwa ni Kasese, na anayeshuka kabla ya Kasese hulipia Kasese au huandikiwa kwa mkono kituo chake.

Hapo palipoandikwa kwa mkono ndipo mwalimu wa lugha anapaswa kusogeza taa. Katika bahasha hii Karusandara imeandikwa kwa namna nne: Karusandara, K/Sandara, Karusanda, na Kalusandala. Hiyo ya mwisho isichukuliwe kuwa ni uzembe. Katika maandishi ya Kiganda herufi r hufuata irabu e na i, na kwingineko huandikwa l. Mwenye kalamu alisikia jina la magharibi akaliandika kwa kanuni ya nyumbani kwake, na kanuni hiyo hakuikosea hata mara moja. Mhadhiri wa fonolojia anaweza kutumia saa nzima kuwaeleza wanafunzi jambo hili ubaoni. Tiketi inalimaliza kwa neno moja, tena inaonyesha ni nani alikuwa upande wa ndani wa dirisha na ni nani alikuwa upande wa nje.

Tatizo la tiketi nyingi ni kwamba zimeandikwa siku na mwezi, mwaka ukaachwa. Hapa nauli ndiyo shahidi. Mwezi Mei 1987 Uganda ilibadilisha sarafu, sifuri mbili zikakatwa, shilingi mia za zamani zikawa shilingi moja mpya. Tiketi yenye nauli ya maelfu na nyingine ya njia ileile yenye nauli ya makumi zaweza kuwa za miezi michache tu kati yao, na ile ya maelfu ndiyo ya kwanza. Tahadhari lakini: baadaye shilingi mpya nayo ilishuka thamani na nauli zikarudi kwenye maelfu, kwa hiyo aina ya karatasi na mtindo wa chapa navyo vitazamwe. Kuna pia ushahidi wa kutokuwepo. Bahasha haina tiketi hata moja ya Bwera ya miezi iliyofuata Novemba 1996, waasi wa ADF waliposhambulia Mpondwe na Bwera. Mkusanyaji wa kawaida huliona pengo kama hilo kuwa kasoro ya mkusanyo, lakini mhakiki hulisoma.

Sasa tugeuze karatasi. Nyuma ya tiketi moja ya Bwera mama huyu aliandika maagizo kwa mwenzake, akampa kondakta apeleke pamoja na mzigo, na karatasi ikarudi kwake na hesabu. Tunainukuu kama ilivyo: "Pokeya debe tatu. Moja ni ya Kasindi. Usipime na ile debe ya zamani. Makuta tuma na kondakta." Chini yake, kwa mwandiko mwingine: "Nimepokeya. Debe moja imepunguka kidogo."

Tunajua kalamu nyekundu za baadhi ya wenzetu zimeshaanza kuwasha. Pokeya ina y isiyotakiwa. Debe limeingizwa katika ngeli nyingine. Makuta ni neno la Kongo la kuitia pesa. Yote hayo ni kweli. Lakini tazama kazi inayofanywa na sentensi hizi nne. Zinatoa amri, zinagawa mali kati ya nchi mbili, zinakumbusha ugomvi wa zamani kuhusu kipimo bila kuutaja, na zinapanga njia ya malipo. Hakuna neno la ziada. Jibu nalo limelalamika kwa adabu kubwa: "imepunguka kidogo". Mwandishi, kwa maelezo ya binti yake, hakuwahi kukaa katika darasa la Kiswahili.

Hili lina uzito kwa sisi tunaofundisha Uganda. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna Bunge litakavyoamua. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike kama lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kufundishwa shuleni kama somo la lazima, mwezi uleule ambao Kongo ilikamilisha kuingia katika Jumuiya. Kila tangazo lilipokelewa kama kwamba Kiswahili kinaanza upya kutoka sifuri. Tiketi za Karusandara zinasema vingine. Mbele ni lugha ya aliyeuza, nyuma ni lugha ya aliyesafiri, na nyuma hapo Kiswahili kilikuwa kazini bila kusubiri tangazo lolote.

Pengine msomaji atasema: basi tuchape tiketi zote kwa Kiswahili, na shida imekwisha. Tunamwomba kwanza atazame upande wa Tanzania, ambako jambo hilo lilifanyika zamani. Baada ya kampuni ya DMT kutaifishwa, usafiri wa mjini ulipewa UDA, yaani Usafiri Dar es Salaam, na ule wa mikoani ukawa wa KAMATA, Kampuni ya Mabasi ya Taifa. Ufupisho huo wa mwisho bado unatuchekesha, kwani ni jina na amri kwa wakati mmoja. Mabasi ya watu binafsi yaliyofuata yaliendelea na Kiswahili, na maneno ya tiketi zao kila msafiri wa huko anayajua: abiria afike kituoni nusu saa kabla ya safari, abiria achunge mzigo wake, kampuni haihusiki na upotevu wa mzigo, tiketi iliyokatwa hairudishwi.

Zichunguzwe hizo sentensi kisarufi. Abiria yumo katika dhamira tegemezi: afike, achunge. Kampuni imo katika ukanushi: haihusiki. Na palipo na pesa, mtendaji ametoweka kabisa kwa kauli ya kutendwa: hairudishwi, na nani asiyeirudisha hatuambiwi. Kiswahili hiki ni safi, hakina y ya ziada wala ngeli iliyoyumba, ila wajibu wote umeegemea upande mmoja. Kati ya maandishi haya yaliyosanifiwa na yale ya nyuma ya tiketi ya Bwera, sisi tunayaona yale ya Bwera kuwa ya uungwana zaidi, maana kila upande umetajwa na kila upande una la kufanya.

Msamiati wenyewe wa tiketi una safari yake. Nauli na abiria ni maneno yaliyotufikia kwa Kiarabu, na nauli ilikuwa ya chombo cha baharini kabla ya kuwa ya basi. Leo inadaiwa mahali ambapo bahari haijulikani ila kwa kusimuliwa. Kukata tiketi kumebaki na sauti ya karatasi ikichanwa kitabuni, hata pale mtu "anapokata" kwa simu. Kuhusu tiketi na tikiti hatutaki kuamua leo. Wakenya wengi husema tikiti, Watanzania tiketi, na Waganda wetu hutumia zote mbili, jambo linalowafurahisha sana wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapofika kwenye tikiti maji.

Inafaa tuseme neno kuhusu wakusanyaji wenyewe. Uingereza wapo wenye chama cha kukusanya tiketi za usafiri, nao hupanga kwa kampuni, mchapaji na mfululizo wa namba. Nidhamu hiyo ni ya kuigwa. Tatizo ni ladha inayoambatana nayo kwa wakusanyaji wengi: tiketi safi, isiyokunjwa, ikiwezekana isiyotumika. Kwa ladha hiyo bahasha yetu ingetupwa jalalani. Kofia ya kondakta, koleo la kutobolea tiketi, kibao cha njia kilichokuwa kikiwekwa mbele ya basi, vyote hivyo ni vizuri kabatini, na zama za kampuni za UTC na PTC hapa Uganda zinastahili kukumbukwa kwa vitu vyake. Ila kofia haina upande wa nyuma wa kuandikia.

Kuna sababu ya kuharakisha. Tiketi nyingi za siku hizi hutolewa na mashine ndogo inayochapa kwa joto bila wino. Tanzania imehimiza tiketi za kielektroniki kupitia mamlaka ya LATRA, na kwingineko nako kampuni zinaelekea huko. Karatasi ya joto hufifia kwa mwanga, kwa mafuta ya vidole na kwa joto lenyewe, na baada ya miaka michache huwa nyeupe. Atakayeipeleka ikawekewe plastiki ya moto kwa nia njema ataipata nyeusi tii. Mifuko laini ya plastiki nayo huweza kufuta maandishi yake. Dawa ni kuinakili mapema, ipigwe picha pande zote mbili, kisha ikae gizani ndani ya karatasi ya kawaida. Majina na namba za simu za watu zifunikwe kabla nakala haijafika darasani, kwani tiketi ya mtu ni safari ya mtu.

Darasani kuna pengo la kuziba. Vitabu vingi vya sekondari, hasa vya Kenya ambavyo walimu wetu huvitegemea, vinafundisha sajili ya matatuni kwa mazungumzo ya kubuni: utingo anapiga kelele, abiria analalamikia chenji, dereva anatukana. Mwanafunzi wa Kasese huyasoma kama mchezo wa kuigiza wa Nairobi. Mwalimu akimpa tiketi halisi ya njia yake, aeleze nani anasema na nani kwa lugha ipi, aitafsiri sehemu ya mbele kwa Kiswahili ambacho nyanya yake ataelewa, halafu aiandike upya ile orodha ya masharti ili kampuni nayo iwe na angalau kitenzi kimoja cha kuyakinisha, hapo kipindi kizima kitakwisha kabla kazi haijakwisha. Tulilijaribu zoezi hilo la mwisho na wanafunzi wa mwaka wa pili. Kundi moja liliandika "kampuni itamfikisha abiria", likabishana kwa dakika kumi kama liongeze "salama".

Bahasha imerudishwa Karusandara kwa mwenyewe, kama tulivyoahidi. Nakala ziko katika kabati la idara, na mwalimu anayezihitaji aulize ofisini. Tiketi mbili za mashine zilizokuwemo zilitufikia zikiwa karibu tupu. Upande wa mbele wa moja tuliambulia tarehe tu. Nyuma, kwa kalamu ya wino, bado panasomeka vizuri: "Chumvi ya Katwe, gunia 2, deni."