Msuli Kwanza, Jino Baadaye

Mtu anayeumwa taya mara nyingi haanzii kwa daktari wa meno. Maumivu yako mbele ya sikio, kwa hiyo anakwenda kupimwa sikio; sikio likionekana zima, anapewa dawa za kichwa. James Costen, daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Marekani, aliandika juu ya wagonjwa kama hao mwaka 1934 akayalaumu meno: magego yakipotea, taya hufunga kupita kiasi na kiungo chake hubanwa. Maelezo yake ya anatomia yalikuja kupingwa, lakini imani kwamba chanzo ni jinsi meno yanavyokutana ilidumu miongo mingi.

Bernard Jankelson, daktari wa meno wa Seattle, alianzia kwingine. Mbinu iliyozoeleka ilikuwa daktari kushika kidevu na kuliongoza taya mpaka vichwa vya mfupa wake vikae sawasawa katika vishimo vyake, kisha ndipo atazame meno. Jankelson alisema misuli inayoinua taya huzoea kukwepa jino lililozidi wenzake kimo, hivyo mgonjwa akiambiwa aume, daktari huona yale mazoea tu. Katika miaka ya 1960 akaleta mashine ya kuilegeza misuli hiyo kwanza, ili taya lenyewe lioneshe pa kukaa.

Kazi inafanyika hivi. Elektrodi mbili hubandikwa mbele ya masikio, nyingine nyuma ya shingo. Karibu na hapo hupita matawi ya neva ya tano na ya saba za ubongo. Mashine, iitwayo Myo-monitor, hutuma mpigo dhaifu wa umeme kila sekunde moja na nusu hivi. Taya huruka kidogo, mashavu hutikisika, kisha vyote hutulia mpaka mpigo ufuatao. Hali hiyo huendelea kwa dakika 45 hadi 60. Umeme wa misuli hupimwa kabla na baada, na sumaku ndogo iliyogandishwa kwenye meno ya mbele ya chini husomwa na vihisio ili kuchora njia ya taya kwenye skrini. Taya likiwa limelegea, daktari huweka kati ya meno nyenzo laini inayoganda na kuuhifadhi mkao huo. Kutokana na alama hiyo hutengenezwa kifaa cha akriliki cha kuvaliwa juu ya meno ya chini, usiku na mchana, kwa miezi kadhaa.

Jankelson alifanya vyema kuuheshimu msuli. Weka vidole kwenye pembe za taya, chini kidogo ya masikio, kisha bana meno: kinachovimba chini ya vidole ni msuli mkubwa wa kutafuna, na kwa wagonjwa wengi hapo ndipo panapouma. Ukiwa umetulia, midomo hufunga lakini meno ya juu na ya chini hayagusani. Huwa na mwanya wa milimita 2 hadi 4 hivi. Anayeshinda amebana meno mbele ya kompyuta au kwenye usukani haipumzishi misuli hiyo hata saa moja.

Mashaka yangu yako kwenye hatua inayofuata. Baada ya kifaa, wagonjwa wengine huambiwa mkao mpya lazima ufanywe wa kudumu: meno yasagwe, yavikwe kofia, au yasogezwe kwa waya. Wakati huohuo vipimo vyenyewe vina utata. James Lund na Charles Widmer walionesha mwaka 1989 kwamba umeme wa misuli unaosomwa juu ya ngozi hubadilika kwa unene wa shavu, umri, jinsia na mahali elektrodi ilipokaa, kwa hiyo si rahisi kumtenga mgonjwa na mzima kwa tarakimu hizo. Mkao unaotolewa na mashine nao ulikutwa mbele ya mkao wa kawaida hata kwa watu wasioumwa. Ikiwa taya lisiloumwa nalo linasogezwa mbele, mkao huo peke yake hauwezi kuwa ushahidi kwamba meno ya mgonjwa yamekosea.

Na chanzo cha maumivu je? Utafiti wa OPPERA, ulioanza Marekani mwaka 2006, ulifuatilia maelfu ya watu wasio na maumivu ya taya ili kuona nani atayapata. Usingizi mbovu, msongo, na maumivu sehemu nyingine za mwili vilijitokeza miongoni mwa dalili za hatari. Mwongozo uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2023 kwa maumivu sugu ya taya ulipendekeza kwa nguvu mazoezi yanayosimamiwa, kukandwa kwa misuli na kiungo, na tiba ya kubadili fikra na mienendo. Ulipinga kwa nguvu vifaa vya mdomoni vinavyobadili mng'ato kwa kudumu. Hata vile vya kuvaa na kuvua ulivipinga, ingawa kwa tahadhari zaidi.

Kwa hiyo nusu ya kwanza ya wazo la Jankelson, kwamba msuli utangulie, imesimama, ila msuli unalegezwa kwa mikono na mazoezi kuliko kwa umeme. Nusu ya pili, ya kubadili meno yafuate mkao mpya, sijaona ushahidi wa kuitegemea. Jino zima likishasagwa halirudi. Ukiambiwa meno yako yasagwe au yavikwe kofia ili taya lipone, omba kwanza miezi michache ya fiziotherapia na kuacha kubana meno, na utafute daktari wa pili akutazame kabla hujakubali.