Huenda ni Wezi

Tuanze na matini yenyewe, maana ni fupi na wengi wetu tumewahi kuisoma. Ukurasa mtupu, alama nyekundu ya hatari, kisha kivinjari kinakwambia kwamba muunganisho wako si wa faragha: huenda wavamizi wanajaribu kukuibia nywila, ujumbe au namba za kadi kutoka tovuti fulani. Tovuti inatajwa kwa jina lake, kwa herufi zilizokolezwa. Chini kuna kitufe kikubwa cha kukurudisha kwenye usalama. Njia ya kusonga mbele imefichwa nyuma ya neno jingine, kama mlango wa uani.

Nimekutana na ukurasa huu mara nyingi katika maabara ya kompyuta ya kitivo chetu. Kompyuta ya karibu na dirisha ilikuwa imekufa ile betri ndogo inayotunza saa, kwa hiyo kila umeme ulipokatika ilirudi tarehe 1 Januari 2010. Cheti cha usalama cha tovuti huwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kwa kompyuta inayoishi mwaka 2010, cheti kilichotolewa juzi hakijaanza kazi, basi hukikataa. Mwenzangu alikuwa akitafuta picha za hati ya utenzi katika tovuti ndogo ya mkusanyaji mmoja. Akasoma onyo, akafunga, na jioni akaniambia ameshaifuta tovuti hiyo kwenye marejeleo ya tasnifu yake.

"Hiyo ni ya wezi, dada. Msimamizi akiifungua nitaiweka wapi sura yangu?"

Tazama "huenda" ilivyofanya kazi. Mwandishi wa onyo amejikinga vizuri: hajasema tovuti ni ya wezi, wala hajathibitisha kwamba wezi wapo. Ukiisoma sentensi polepole utaona kwamba hata wezi hao wakiwepo, wamesimama njiani kati yako na tovuti, nayo inaibiwa pamoja nawe. Lakini nani husoma polepole akiwa ametishwa? Msomaji huokota nomino mbili, wavamizi na jina la tovuti, akazifunga fundo mwenyewe. Umbea wa mtaani husafiri hivyo hivyo: sisemi ni yeye, ila huenda. Tena hauna mwenyewe wa kumuuliza amejuaje. Ushahidi wote uko katika msimbo mmoja wa Kiingereza unaotaja tarehe, kwa herufi ndogo za kijivu. Maneno pekee yenye uhakika katika ukurasa mzima ndiyo yaliyonong'onwa.

Wala hili si la maabara yetu tu. Mwaka 2017 kundi la watafiti, wengi wao wa Google, lilichapisha uchambuzi wa sampuli ya makosa zaidi ya milioni 300 ya aina hii katika Chrome. Zaidi ya nusu yalitokana na kifaa cha msomaji au mtandao anaoutumia, si seva ya tovuti. Saa mbovu ilikuwamo.

Sisemi maonyo yazimwe. Agosti 2011 mtu mmoja nchini Iran alifungua Gmail, Chrome ikamwonya, na safari hiyo ilikuwa kweli: DigiNotar, kampuni ya Uholanzi iliyokuwa ikitoa vyeti, ilikuwa imevamiwa, na cheti bandia kikatolewa kwa jina la Google. Kinachonisumbua ni kwamba sauti iliyomwonya yeye kwa haki ndiyo hiyo hiyo iliyomsingizia mkusanyaji wetu wa tenzi.

Baadaye fundi aliweka toleo jipya la kivinjari katika ile kompyuta. Betri hakuigusa. Umeme ulipokatika na kurudi, ukurasa ulikuwa mwingine: saa ya kompyuta yako iko nyuma, irekebishe. Wavamizi hawamo, na hakuna anayeshukiwa. Anayesemeshwa ni mwenye kompyuta, na anaambiwa la kufanya. Ni matini kavu, lakini mwandishi wake amejua anachokisema kabla ya kukisema.

Nikamwita mwenzangu aje aone. Akarekebisha saa, akaandika anwani, na hati ya utenzi ikafunguka. Akaisoma kimya hadi mwisho. Tasnifu alikuwa ameikabidhi wiki mbili kabla.