Neno "Sahihi" na Sentensi za Kiingereza

Swali ambalo aghalabu huulizwa na wafasiri na walimu wetu ni hili: "Je, sentensi hii ya Kiingereza ni sahihi?" Ndani yake mna maswali mawili, na kila moja lina hakimu wake. La kwanza ni la kanuni za sarufi. La pili ni kama wenye lugha husema hivyo. Noam Chomsky aliyatenga mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1965, nasi twaweza kuyaita usarufi na ukubalifu. Katika madaftari ya shule, hata hivyo, yote mawili hukatwa kwa wino mwekundu ule ule.

Tumchukue mwanafunzi wa uwanda wa Ufipa aliyelelewa kwa Kifipa, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha katika sekondari akafundishwa kwa Kiingereza. Akiandika "The children they are playing", amekosa sarufi: kile kiambishi wa- cha "wanacheza" kimemfanya ataje watenda mara mbili, na mwalimu anayo kanuni ya kumweleza. Lakini akiandika "I hear a bad smell", hakuna kanuni iliyovunjwa. Kiima, kitenzi na yambwa vyote viko mahali pake. Ila Mwingereza hatumii kitenzi hicho kwa harufu, hali sisi twasikia harufu, njaa na baridi bila taabu yoyote. Kumwambia mtoto huyo kwamba hajui sarufi ni kumdhulumu, na dhuluma hiyo huhesabiwa katika alama zake.

Tena, hakimu wa ukubalifu si mmoja. Afrika Mashariki mtu aliyejikwaa huambiwa "Sorry" kwa maana ya pole, na mgeni kutoka Uingereza huenda akajiuliza mwenzake amemkosea nini. Kwetu ni mazoea yaliyokwisha kukomaa. Barua iendayo London yafaa iyaepuke. Taarifa isomwayo hapa hapa nchini haina sababu ya kuyaonea haya.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni pale ukubalifu unaponunuliwa kwa maana. Jina la Sumbawanga wenyeji hulieleza kuwa ni "tupa uchawi". Katika Kiingereza wengi huandika "Throw away your witchcraft", kwa kuwa bila lile "your" sentensi yaonekana pungufu. Sentensi imependeza, lakini sasa msomaji ameambiwa kwamba uchawi ni wake! Jina lenyewe halikumtuhumu mtu.

Kadhalika mkulima wa Ufipa hufukia nyasi katika vilima vidogo vya mviringo ili zioze ziwe mbolea. Juu yake hupanda maharage, na msimu ufuatao hubomoa vilima hivyo na kupanda ulezi au mahindi. Katika taarifa ya Kiswahili vilima hivyo huitwa matuta, nalo neno hilo lajumuisha mengi. Mfasiri akiandika "The farmers make ridges", sarufi ni safi na hakuna Mwingereza atakayekunja uso. Hata hivyo ofisa wa kilimo asiyepafahamu Ufipa atapata picha ya matuta marefu yaliyonyooka shambani, naye atapanga mbegu na nguvukazi kwa picha hiyo. Hapo neno lifaalo ni "mounds", tena lifuatiwe na maelezo ya nyasi zilizofukiwa, hata kama sentensi itarefuka na kupoteza wepesi wake.