Lepe la Sekunde 15

Salvador Dalí, mchoraji wa Hispania, alikuwa akiketi kwenye kiti chenye mikono huku ameshika ufunguo mzito kwa ncha za vidole, na sakafuni chini yake kuna sahani iliyofudikizwa. Usingizi ukimchukua vidole hulegea, ufunguo hugonga sahani, naye huzinduka na kushika kazi. Mbinu hiyo aliieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu siri za uchoraji. Thomas Edison naye husimuliwa kwamba alisinzia na vyuma vya mviringo mkononi kwa kusudi hilohilo.

Desemba 2021, watafiti wa Taasisi ya Ubongo ya Paris, Célia Lacaux na Delphine Oudiette miongoni mwao, walichapisha jaribio lililoitia mbinu hiyo kwenye mizani. Naomba tulitazame kwa karibu, maana ushauri tunaopeana waandishi, ule wa "pumzika, mawazo yatakuja", umeacha nusu ya maneno njiani.

Watu 103 walipewa mafumbo ya hesabu. Kila fumbo lilikuwa safu ya tarakimu nane, na mtu alipaswa kuipunguza hatua kwa hatua, kwa kufuata kanuni mbili, hadi afikie jibu la mwisho. Hawakuambiwa kwamba ipo njia ya mkato: jibu la hatua ya pili daima lilikuwa ndilo jibu la mwisho. Wengi walikokotoa fumbo baada ya fumbo bila kuiona. Hao ndio waliopewa mapumziko ya dakika 20, kila mtu kwenye kiti cha kuegemea, gizani, macho yamefumbwa, ameshika kitu mkononi, vipimo vikifuatilia umeme wa ubongo wake. Kisha wakarudishwa kwenye mafumbo ya aina ileile.

Kati ya waliokaa macho muda wote, asilimia 30 waliigundua njia ya mkato. Kati ya waliosinzia juujuu, hata kwa sekunde 15 tu, waligundua asilimia 83. Waliozama zaidi usingizini walishuka hadi asilimia 14.

Wanasayansi huiita hatua hiyo ya kusinzia juujuu N1. Sisi tuna neno tangu zamani: mang'amung'amu. Misuli imelegea, fikra zimefunguliwa kamba, lakini sikio bado linasikia mlango wa jirani. Kila aliyewahi kutunga hadithi anaijua saa hiyo, mhusika anapotamka jambo ambalo hukumpangia.

Kinachonigusa zaidi katika jaribio hili ni wakati jibu lilipofika. Halikuja pale kitini. Waliosinzia waliamka mikono mitupu, wakarudi mezani, wakakokotoa mafumbo mengine mengi, ndipo njia ikaonekana. Na kabla ya kusinzia walikuwa wamekwisha kuhangaika na hesabu hizo. Lepe lile lilikaa katikati ya kazi mbili, na hiyo ndiyo nusu iliyoachwa na ushauri wetu. Anayejilaza bila kwanza kuisumbua sura anayoiandika hana cha kuchacha kichwani, na anayeamka akangoja ufunuo ameondoka shambani kabla ya mavuno.

Hesabu si hadithi, nakubali. Jaribio lililo karibu zaidi na kalamu lilitoka chuo cha MIT, Marekani, mwaka 2023. Watu 49 walishiriki. Kifaa kiitwacho Dormio, kinachovaliwa mkononi, kilitambua mwili unapoanza kusinzia, na baadhi ya washiriki walielekezwa waote kuhusu mti. Baadaye wote waliandika hadithi yenye neno hilo ndani yake, wakafanya na mazoezi mengine ya ubunifu. Waliosinzia wakiwa na mti akilini waliwashinda waliosinzia bila kupewa chochote, na waliwashinda pia waliokaa macho. Usingizi ulihitaji kubebeshwa mzigo.

Mimi hutumia kijiko na sinia ya bati. Baada ya chakula cha mchana, mwili ukiwa mzito, nausoma kwa sauti ukurasa wa mwisho nilioandika, mara mbili, kisha najiuliza swali moja tu. Simu inabaki chumba kingine. Najiegemeza ukutani juu ya busati, mkono ukining'inia juu ya sinia. Kijiko kikianguka naandika kilichopo kichwani hata kama hakina maana, halafu narudi mezani hapohapo, kabla ya chai.

Juzi swali lilikuwa kwa nini mjane katika hadithi yangu hafungui mlango. Niliamka na harufu ya mafuta ya taa, basi. Nikaiandika. Nikaendelea na mjane wangu, aya ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu akainua taa kuangalia komeo, na komeo halikuwa limefungwa. Mlango ulikuwa umeshikiliwa na mtu aliye nje.