Shindano la redio kutoka paa la Umoja

Wikendi kamili ya mwisho ya Oktoba, maelfu ya wapenzi wa redio ya ridhaa duniani huingia hewani kwa saa 48 katika shindano la sauti la CQ World Wide. Kwa saa za Nairobi linaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumamosi na kumalizika saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Ukimpata mwenzako, mnapeana ripoti ya usikivu na namba ya kanda, basi. Kenya iko kanda ya 37 pamoja na Uganda, Tanzania, Ethiopia, Somalia, Msumbiji na Malawi. Alama zetu za wito huanza na 5Z4. Kabla ya uhuru zilikuwa VQ4. Vituo vinavyorusha kutoka kanda hii ni vichache, kwa hiyo Mjerumani au Mmarekani akisikia 5Z4 hukimbilia kuita. Huo ni mtaji ambao mwenzetu wa Ulaya, pamoja na mnara wake na wati zake 1,500, hana.

Namna ya kuutumia ukiwa mpangaji wa ghorofa ya juu Umoja au Kayole, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, na redio ya wati 100, ndilo suala. Msimamo wangu ni kwamba pesa na jasho la kwanza viende kwenye kusikia.

Hesabu yenyewe ni hii. Ukipanda kutoka wati 100 hadi 400, unaongeza desibeli 6, yaani alama moja tu ya S kwenye mita ya anayekusikiliza. Kelele za umeme za Eastlands, kutoka chaja za bei rahisi, balbu za LED, adapta za waifai kila mlango na vibanda vya kuchomelea vyuma, zinaweza kuipandisha mita ya redio yako hadi S7 hata kama hakuna anayeongea. Kituo kinachokufikia kwa S5 kimezikwa chini ya kelele hizo. Kinakuita mara tatu, hujibu, kinaondoka. Wati za ziada zitakuletea wengi zaidi wa aina hiyo.

Kuwinda kelele kunaanza ndani ya nyumba. Funga redio kwenye betri ya volti 12, zima mein swichi, kisha tazama mita. Ikishuka, adui yumo kwako. Rudisha umeme na uchomeke vifaa kimoja kimoja hadi ipande tena. Ukimpata, mng'oe kwa siku mbili hizo. Redio nayo ibaki kwenye betri shindano zima. Redio ya wati 100 hula takriban ampea 20 wakati wa kurusha, lakini ukisikiliza ni ampea moja au mbili tu, kwa hiyo betri nzuri ya sola ya ampea-saa 100 itakubeba saa nyingi. Kisha kuna neema ambayo wakazi wa mitaa hii wanaijua: stima ikipotea mtaa mzima, kelele zote hunyamaza kwa pamoja. Majirani wakitafuta mishumaa, wewe unasikia vituo ambavyo hukujua vipo. Saa hiyo usikiache kiti.

Antena ya dipoli haihitaji makubwa. Waya wa shaba, kebo na viunganishi vinapatikana Luthuli Avenue, na nguzo ya chuma utachongewa Kamukunji. Gawanya 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wa dipoli kwa mita: kwa 14.2 ni kama mita 10, kwa 28.5 ni mita 5. Stendi ya tangi la maji ni mhimili tayari. Paa likiwa la mabati, inua waya angalau mita tatu juu yake, zaidi ukiweza. Elekeza ncha kusini-magharibi na kaskazini-mashariki, maana dipoli hurusha zaidi ubavuni, na kutoka Nairobi, Ulaya na mashariki ya Marekani ziko upande wa kaskazini-magharibi. Japani itadhoofika, kubali hasara hiyo. Zungumza mapema na landilodi na mtunza jengo, na waya wako usifike popote unapoweza kuangukia nyaya za stima. Hapo watu hufa.

Asubuhi bendi za mita 15 na 10 huelekea Asia, baadaye Ulaya. Kuanzia kama saa tisa alasiri Marekani hufunguka kwenye mita 10 jua likiwa na madoa ya kutosha. Usiku ni mita 20 na 40. Hapa wengi hupotea kwa jambo dogo: Mmarekani haruhusiwi kuongea chini ya megahezi 14.150 kwenye mita 20, wala chini ya 28.300 kwenye mita 10. Ukiita chini ya hapo, atakusikia asikujibu.

Mgeni hupenda kuzunguka bendi akiwatafuta wengine. Mwenye 5Z4 atafute nafasi tupu, akae, aite. Ukisikia herufi mbili tu za alama ya mtu, zirudie na umsubiri huyo huyo. Ukimruka, wote wataita kwa fujo. Kuta zetu ni nyembamba, kwa hiyo wito uurekodi kwenye kompyuta uurushe kwa kubonyeza, nawe ujibu kwa sauti ya chini.

Pointi ni 3 kwa bara jingine, 1 kwa nchi nyingine ya Afrika. Jumla huzidishwa kwa idadi ya nchi na kanda ulizopata katika kila bendi. Tuseme una mawasiliano 300 ya nje ya Afrika, yaani pointi 900, na vizidishi 60. Mawasiliano 20 zaidi yasiyoleta nchi wala kanda mpya yanaongeza alama 3,600. Vizidishi vitano vipya, hata bila kuhesabu pointi zake, vinaongeza 4,500. Wanaokuita wakipungua, hama bendi. Mwenzako wa Nairobi hana pointi, lakini mara ya kwanza kwenye kila bendi anakupa nchi na kanda, kwa hiyo muite.

Kurusha bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa la kisheria, basi anza kuifuatilia miezi kabla ya Oktoba. Kwenye shindano, aliye na leseni kwa miaka mitatu au chini ana kundi lake la wageni, na vijana wasiozidi miaka 25 wana lao. Shindano likiisha, tuma logi ndani ya siku 5, hata ikiwa na mawasiliano 40 tu.