Mahali Umeme Ulipokwama

Kompyuta mpakato iliyozima hufikishwa kwa mafundi wa Kariakoo kama mtoto mwenye homa. Hubebwa kwa mikono miwili, kifuani, wakati mwingine imezungushiwa khanga. Mwenyewe huanza kueleza kabla hajapewa kiti: jana usiku ilikuwa nzima, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, na asubuhi kitufe kikabonyezwa pasipo jibu. Hata kile kitaa cha kando ya tundu la chaja kimezimika. Ndani mna tasnifu iliyobakiza sura moja, au hesabu za duka za mwaka mzima, au picha za marehemu ambazo hazikuwekwa pengine popote.

"Haiwaki, fundi."

Neno hilo moja limebeba maradhi manne au matano yasiyo na undugu. Kuna mashine isiyopokea umeme kabisa. Kuna inayopokea lakini haichaji betri, hivyo hufa mara plagi inapochomolewa. Kuna inayowaka vizuri, feni inazunguka, ila kioo kimebaki cheusi. Ukikimulika kwa tochi ya simu unaona maandishi hafifu, na kumbe kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo tu. Nyingine huamka kwa sekunde mbili na kulala tena. Ufundi huanza hapo, kwenye kulipasua neno la mteja mpaka lijulikane lina maana gani.

Kwa hiyo bisibisi husubiri. Fundi aliyeiva huuliza: chaja hii ndiyo iliyokuja na mashine, dada? Ilichomekwa ukutani au kwenye ekstensheni? Imewahi kuanguka? Halafu, kwa sauti ya chini kidogo kwa kuwa swali lenyewe lina aibu: hakikumwagika kitu? Jibu la kwanza mara nyingi ni hapana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi hii kinachoumbua ni chai ya maziwa. Maji hukauka, lakini sukari hubaki kwenye bodi na kuvuta unyevu. Na kwa sababu betri bado imeungwa mle ndani, shaba huendelea kuliwa siku baada ya siku wakati mwenye mashine anadhani ajali imeshapita. Bodi ikija kufunguliwa, kutu ya kijani imetanda miguuni mwa vipuri. Anayesema ukweli mapema humpunguzia fundi nusu ya safari, na huenda akaiokoa bodi.

Baada ya maswali, mita. Chombo hiki nacho kilizaliwa kwa kero ya fundi. Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alichoka kubeba vipimo vingi tofauti kila anapokwenda kazini, akabuni kimoja cha kupimia ampea, volti na ohmu. Kiliingia sokoni mwaka 1923 kwa jina la AVO, herufi za mwanzo za vipimo hivyo vitatu. Mita za leo zenye tarakimu, zinazouzwa hadi kwenye maduka ya vifaa vya umeme mtaani, ni wajukuu wake.

Ukutani kuna volti 230. Chaja inazishusha hadi 19 au 20, na hapo ndipo pa kupima kwanza, kwenye ncha ya waya na si kwenye kitaa cha chaja. Kitaa kinaweza kuwaka huku waya umekatika ndani, pale shingoni unapokunjwa kila siku. Na ncha kuingia kwenye tundu si ushahidi kwamba chaja inafaa. Mashine nyingi zilizotumika, zinazoletwa kutoka Dubai au Ulaya, hutenganishwa na chaja zake njiani, na mnunuzi hutafutiwa yoyote inayoingia. Kompyuta za Dell zenye tundu la mviringo zina pini nyembamba katikati ambayo kazi yake ni kuitambulisha chaja. Pini hiyo ikivunjika, volti zote 19.5 hufika salama, lakini mashine inakataa kuchaji betri na inafanya kazi kwa kujikokota. Chaja za USB-C zina adabu zaidi: huanza na volti 5, zikazungumza na mashine, na zikikubaliana ndipo hupanda hadi 20. Kipimo kikiganda kwenye 5, mazungumzo yamevunjika, na kosa linaweza kuwa upande wowote.

Chaja ikiwa haina hatia, betri huchomolewa, kitufe cha kuwashia hubanwa kwa nusu dakika hivi ili umeme uliobaki kwenye bodi uishe, kisha chaja hurudishwa peke yake. Mashine kadhaa huamka kwa hilo tu. Kidhibiti kidogo kinachosimamia umeme kilikuwa kimeduwaa baada ya zile katakata za usiku, na sasa kimeanza upya. Fundi anayemwambia mteja ukweli hapo, bila kuifanya nusu dakika ionekane kama kazi ya siku mbili, anastahili heshima yote anayopewa mtaani.

Mashine isipoamka, kifuniko kinafunguliwa, na sasa umeme unafuatwa ndani ya mashine kituo kwa kituo. Volti 19 huingia tunduni na kupita transista mbili zinazolinda mlango. Zikivuka, hugawanywa na kushushwa hadi 5 na 3.3, umeme wa kuweka macho vidhibiti hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kitufe kikibonyezwa ndipo njia nyingine hufunguka kwa zamu, mpaka prosesa ipate volti yake moja hivi. Kila kituo kina mahali pa kugusisha ncha ya mita. Pale namba inapotoweka, kosa liko kati ya kituo hicho na kilichotangulia. Hakuna ramli humo.

Mara nyingi mtuhumiwa ni kapasita, kijipande cha kauri kidogo kuliko mbegu ya ufuta, kilichopasuka na kupiga shoti. Tatizo ni kwamba njia moja ya umeme ina makumi ya kapasita za namna hiyo, zimeungwa sambamba, na kwenye mita zote husoma shoti ileile. Kuzing'oa moja moja ni kuiumiza bodi. Mafundi wana mbinu ambayo, kwa uzuri wake, ingestahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia. Bodi hulowanishwa kwa spiriti safi, kisha njia yenye shoti hupewa volti ndogo, moja tu, kutoka kwenye mashine ya kutolea umeme. Umeme wote unakimbilia penye upenyo. Pale pamoto, spiriti inakauka kabla ya kwingine: doa kavu linatokea, dogo, linazunguka kapasita moja kati ya makumi. Mkosaji amejitaja mwenyewe.

Kazi kama hii ina uzito wake duniani. Mwaka 2022 taka za kielektroniki zilifika tani milioni 62, kwa hesabu za Umoja wa Mataifa. Jibu la haraka, "badilisha bodi nzima", hugharimu karibu sawa na mashine ya mtumba, na wengi wakiambiwa hivyo huiacha kompyuta kabatini milele. Kapasita moja huuzwa kwa bei ya pipi.

Bloa hupuliza joto, kibanio kinainua kile kijipande, kipya kinashushwa juu ya lehemu iliyoyeyuka na kujivuta chenyewe mahali pake. Chaja inachomekwa. Kitaa kinatoa rangi ya chungwa, na feni inajaribu mzunguko mmoja. Dada anasimama. Fundi anamwomba akae kidogo, kwa kuwa skrubu bado zimo kwenye kifuniko cha chupa, zote kumi, na hazirudi mahali pake mpaka betri imepanda mbele ya macho yao wote wawili kutoka asilimia 1 hadi 10.