Kazimoto na Maana ya Maisha katika Kichwamaji

Wahakiki wengi huisoma riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Kichwamaji (1974), kwa misingi ya udhanaishi, na hawakosei. Hata hivyo, mwanafunzi wangu wa kidato cha nne aliwahi kuniuliza swali ambalo nadharia hiyo haikunisaidia kulijibu: "Mwalimu, Kazimoto angemcha Mungu, angejiua?"

Jibu jepesi ni "la", ila riwaya yenyewe hailiungi mkono. Kazimoto anafiwa na dada yake Rukia, aliyetiwa mimba na Manase. Kisha Sabina, mkewe, anajifungua mtoto mwenye kichwa kikubwa kupita kiasi. Misiba haibagui. Ayubu wa Biblia alikuwa mcha Mungu, naye alipoteza watoto kumi kwa siku moja.

Tofauti yao imo katika namna ya kuuliza. Ayubu anamlalamikia Mungu mwenyewe. Kazimoto anauliza kuhusu Mungu, kama hoja ya kuthibitishwa au kukanushwa, akiwa peke yake na kichwa chake. Katika Ukristo, maana ya maisha hupatikana kwa kujitoa: kwa Mungu, na kwa jirani. Kazimoto hajitoi kwa yeyote. Anamwacha Sabina mjane.

Walimu wenzangu, tusiigeuze riwaya hii kuwa mahubiri. Kezilahabi, aliyesomea seminari, hatoi jibu. Anatuonyesha gharama ya kulitafuta ukiwa peke yako. Hivyo ndivyo nilivyomjibu mwanafunzi wangu. Hakuandika neno daftarini, lakini kengele ilipolia hakuondoka.